Kibodi ya kwanza ya mekanika kwa mfuko mdogo: upime kipi kwa kipi

Ukianza kutafuta kibodi ya mekanika ya bei nafuu, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni taa. Rangi zinazunguka chini ya vitufe, na maelezo ya maana yamesukumwa chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo. Taa ni rahisi kupachika, ndiyo maana hata kibodi dhaifu kuliko zote inazo. Mwenye mfuko mdogo ajiulize swali jingine: nikishainunua hii, ni kipi sitaweza kukibadilisha?

Kofia za vitufe utazibadilisha hata mwakani. Swichi nazo zinabadilika, mradi bodi inaruhusu. Lakini ukubwa wa kibodi, mpangilio wa vitufe, aina ya soketi zilizo chini ya swichi, na kama inatumia waya au la, hivyo vitabaki kama ulivyovikuta mpaka siku utakapoiweka pembeni. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na visivyobadilika. Rangi ya swichi, ambayo ndiyo watu hubishania zaidi, itasubiri zamu yake.

Kabla ya yote: mekanika kweli au mpira uliopakwa jina?

Kuna kibodi zinazouzwa kwa maneno kama "hisia ya mekanika" au "mguso wa mekanika". Soma tena. Hawajasema ni mekanika. Wamesema inafanana nayo. Ndani yake kuna shuka moja la mpira lenye vikombe vidogo chini ya vitufe vyote, na chini ya shuka kuna karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Herufi hutoka pale kikombe kinapobonyea mpaka mwisho. Kibodi ya mekanika kweli ina swichi kamili chini ya kila kitufe: springi yake, mhimili wake, na vibati vyake viwili vya chuma vinavyogusana. Herufi hutoka katikati ya safari ya kidole, kabla hakijafika chini.

Njia ya kujua ni kung'oa kofia moja. Ukikuta mhimili wa rangi wenye kichwa chenye umbo la alama ya kujumlisha, umeketi juu ya kijisanduku cha plastiki, hiyo ni swichi. Ukikuta mrija mpana unaozama kwenye mwili wa kibodi, na ukiusukuma unahisi ulaini wa mpira, umepata jibu. Kama unanunua kwa picha, tafuta picha ya kitufe kilichovuliwa kofia. Muuzaji wa kibodi ya mekanika huwa anajivunia kuionyesha. Picha hiyo isipokuwepo kabisa, shuku.

Na je, mekanika inafaa kuliko ya mpira iliyo nzuri? Haitakufanya uandike haraka zaidi, hata kama tangazo linadai hivyo. Faida yake ni uimara na utengenezekaji. Watengenezaji wa swichi hutaja mibonyezo milioni 50 kwa swichi moja, na Cherry ya Ujerumani hutaja milioni 100 kwa baadhi ya swichi zake za MX. Kibodi za mpira kwa kawaida hutajwa kati ya milioni 5 na 10. Herufi moja ikifa kwenye ya mekanika, unabadilisha swichi moja. Kwenye ya mpira, kwa kawaida unabadilisha kibodi. Mtu anayeandika barua pepe mbili kwa siku hahitaji haya yote, na ningemwambia abaki na alichonacho.

Ukubwa: hapa ndipo watu hujutia

Wapenzi wa kibodi huzipima ukubwa kwa asilimia. Kamili ina vitufe 104 au 105, pamoja na uwanja wa tarakimu upande wa kulia. Ukiondoa uwanja huo unabaki na vitufe 87 au 88, na watu huiita TKL. Asilimia 75 ina karibu kila kitufe cha TKL lakini vimebananishwa, kwa kawaida vitufe 80 hadi 84. Asilimia 65 inapoteza safu ya F1 hadi F12 lakini inabakiza mishale. Asilimia 60 ina vitufe 61: mishale hamna, F hamna, Delete hamna.

Kibodi ya asilimia 60 mara nyingi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ndiyo mtego mkubwa kwa mnunuzi wa kwanza. Inapendeza mezani. Kisha unataka kuteua neno moja nyuma ya kishale ili ulifute. Kwenye kibodi ya kawaida unashika Ctrl na Shift, unagonga mshale wa kushoto. Kwenye asilimia 60 unaongeza Fn juu ya vyote viwili, halafu unatafuta herufi iliyobebeshwa kazi ya mshale, ambayo kila kampuni imeiweka inapotaka. Mwandishi wa programu atakutana na balaa jingine: alama ya mkato wa nyuma (`) na ile ya wimbi (~), ambazo kwa kawaida ziko chini ya Esc, sasa zinagawana kitufe kimoja na Esc yenyewe. Wako wanaozoea na kuipenda. Mimi siipendekezi kwa mtu asiyejua bado mikono yake inataka nini.

Kati ya kamili na TKL, swali ni moja: je, unaingiza tarakimu kila siku? Mhasibu, karani wa stoo, mtu anayeishi ndani ya lahajedwali, achukue kamili bila kuona haya. Wengine wote, uwanja wa tarakimu unasogeza kipanya mbali na bega bure. Na siku tarakimu zikihitajika, kuna vibodi vidogo vya tarakimu peke yake vinavyouzwa kando.

Kati ya TKL na asilimia 75, TKL ina nafasi kati ya makundi ya vitufe, na kidole hupata Delete au Home bila macho kushuka. Asilimia 75 inabana kila kitu kwenye safu moja ya kulia, kwa hiyo wiki za mwanzo utagonga Page Up ukitaka Backspace. Inazoeleka. Kama meza ni finyu au unabeba kibodi mkobani, asilimia 75 inashinda. Kama inakaa palepale siku zote, TKL.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo wauzaji hawalisemi. Kuna muundo wa Kimarekani unaoitwa ANSI, ambao Enter yake imelala kama mstatili, na kuna ISO unaotumika sana Ulaya, ambao Enter yake imesimama na kupinda, Shift ya kushoto ni fupi, na kuna kitufe cha ziada kando yake. Huwezi kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine, maana soketi ziko mahali tofauti. Kofia za bei nafuu nyingi hutengenezwa kwa ANSI, na ukiwa na ISO utakuta seti nzuri haina Enter yako. Kama vidole vyako havina mazoea ya ISO, chukua ANSI. Angalia pia Shift ya kulia: kwenye asilimia 65 na 75 hufupishwa ili mshale wa juu upate mahali, kwa hiyo seti ya kofia utakayonunua baadaye lazima iwe na Shift fupi.

Swichi za kuchomoa dhidi ya swichi zilizolehemiwa

Kama kuna sehemu moja ya kuongezea pesa kidogo, ni hii.

Kwenye bodi ya kulehemu, miguu ya kila swichi imeshikwa na risasi. Kubadilisha hata moja kunahitaji chuma cha kulehemu, kifyonza risasi na mkono usiotetemeka. Kwenye bodi ya kuchomoa, chini ya kila swichi kuna soketi. Unaivuta swichi kwa kibanio, unachomeka nyingine. Kwa mnunuzi wa kwanza faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hujui bado unapenda swichi gani, na hakuna maelezo yatakayokufanya ujue. Ukikosea kwenye bodi ya kuchomoa, unanunua swichi tu. Ukikosea kwenye ya kulehemu, umekosea kibodi nzima.

Lakini si kila "ya kuchomoa" ni sawa, na hapa mfuko mdogo huumia. Soketi zinazojulikana zaidi ni za mtindo wa Kailh: vipande vyeusi vya plastiki vilivyobandikwa upande wa chini wa bodi, vyenye vibati vya shaba ndani. Zinapokea karibu swichi zote za umbo la Cherry MX, ziwe za Gateron, Kailh, Akko au nyinginezo. Aina ya pili, inayopatikana kwenye kibodi za bei ya chini sana, ni vijimrija vidogo vya chuma vilivyopachikwa kwenye matundu yenyewe. Matundu hayo ni membamba, na swichi zinazoingia vizuri ni zile za Outemu zenye miguu miembamba. Ukilazimisha nyingine, unaharibu soketi. Maelezo ya bidhaa yakisema "inafaa kwa swichi za Outemu" bila kutaja nyingine, ndiyo hiyo. Si lazima uikatae, ila ujue uhuru wako wa kubadilisha umefungiwa kwenye jina moja.

Kisha kuna miguu mitatu na miguu mitano. Swichi zote zina miguu miwili ya chuma na nguzo nene ya plastiki katikati. Baadhi zina vijiguu viwili zaidi vya plastiki pembeni, vya kuishikilia isiyumbe. Bodi ya matundu matano inapokea zote. Bodi ya matundu matatu haipokei ya miguu mitano mpaka uvikate vile viwili vya plastiki kwa kikata kucha. Ni kazi ya sekunde chache kwa swichi moja, ila kuna swichi themanini na zaidi.

Kuchomoa kwenyewe kunataka utulivu. Kila swichi ina vishikizo viwili, kimoja upande wa juu na kimoja upande wa chini. Meno ya kibanio yashike hivyo viwili, ubane, kisha uvute wima bila kuinamisha. Kabla ya kuchomeka mpya, igeuze uitazame miguu: ikiwa na mguu uliopinda hata kidogo, hautaingia kwenye soketi, utajikunja chini ya swichi kama kipande cha waya, na kitufe hakitaitika hata ukibonyeza namna gani. Unyooshe kwa koleo ndogo. Na usisukume kwa nguvu zote. Soketi ya plastiki imeshikwa na risasi tu kwa chini, na msukumo mbaya unaweza kuibandua.

Waya dhidi ya bila waya

Kwa bei ileile, kibodi ya waya karibu kila mara ni kibodi bora zaidi. Sababu haina siri: betri, chipu ya redio na kipokezi vina gharama, na gharama hiyo imetolewa mahali fulani, pengine kwenye stabilaiza (vyuma vinavyobeba vitufe virefu), pengine kwenye unene wa plastiki. Kama kibodi itakaa mbele ya kompyuta moja, chukua ya waya.

Bila waya ina maana pale unapohama kati ya kompyuta mpakato, kishikwambi na simu. Hapo tofautisha njia mbili. Bluetooth inaunganisha vifaa kadhaa na haihitaji kitu cha kuchomeka, lakini huchelewa kidogo kuamka ikilala. Redio ya 2.4 GHz inatumia kipokezi cha USB na huitikia haraka kiasi kwamba hata mchezaji wa michezo ya kasi hatalalamika. Kibodi zenye njia zote tatu, yaani hizo mbili na waya, siku hizi zipo hata kwenye bei za chini. Kuhusu betri, uwezo ulioandikwa kwa mAh unakuambia nusu ya habari. Nusu nyingine ni taa. Ukiziwasha muda wote, betri ya wiki nyingi inaisha kwa siku chache.

Hata ya waya ina mitego yake. Waya unaochomoka ni bora kuliko ulioshikana na mwili, kwa sababu waya ndio hukatika kwanza. Ila tazama tundu lenyewe: wengine hulizamisha ndani ya mfereji mwembamba hivi kwamba waya wa kawaida wa USB-C hauingii, wa kwao tu. Na baadhi ya kibodi za bei ya chini zinawaka kwa waya wa USB-A kwenda C lakini hazionyeshi dalili ya uhai kwa waya wa C kwenda C, kwa sababu vizuizi viwili vidogo vya umeme vinavyotakiwa kwenye tundu havikuwekwa. Kibodi si mbovu. Rudia waya uliokuja nayo.

Zile namba za 8000 Hz kwenye maboksi zipite tu. 1000 Hz ina maana kibodi inatoa habari kila milisekunde moja, na kidole cha binadamu hakina ugomvi na milisekunde moja.

Nyekundu, kahawia, bluu

Sasa rangi. Desturi hii ilitoka kwa Cherry, ambao swichi zao za MX zimekuwepo tangu miaka ya 1980. Haki zao za hataza zilipokwisha, kampuni za China kama Gateron, Kailh na Outemu zikamwaga sokoni swichi za umbo lilelile, na hapo ndipo kibodi ya mekanika ikafikika kwa mtu wa kawaida. Nyingi zilifuata rangi za Cherry, kwa hiyo namba za Cherry zinafaa kuwa kipimo.

Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kikwazo chochote. Inataka uzito wa kama gramu 45, na herufi hutoka ikishuka milimita 2 kati ya 4. Kahawia ina kinundu kidogo njiani ambacho kidole hukihisi, na inataka kama gramu 55. Bluu ina kinundu na mlio mkali wa "tik", kama gramu 60, na herufi hutoka kwenye milimita 2.2.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba kahawia ni ya katikati, kwa hiyo ndiyo salama kwa anayeanza. Sikubaliani nao kabisa. Kinundu cha kahawia ni kidogo mno, na aliyetarajia kukihisi wazi hukuta kama nyekundu yenye mchanga. Swali la kwanza liwe nani mwingine yuko chumbani. Kama kuna mtu analala, anasoma, au upo kwenye simu za kikazi mchana kutwa, bluu imeondoka mezani, haina mjadala. Kama uko peke yako na unapenda kusikia kila herufi ikikubali, bluu ina raha yake. Swali la pili: je, una tabia ya kuegemeza vidole juu ya vitufe ukifikiri? Nyekundu ni nyepesi, itakuandikia herufi ambazo hukuziomba. Hapo kahawia inaanza kuwa na maana, au swichi nyoofu, yaani isiyo na kinundu, yenye springi nzito kidogo, mfano Gateron ya njano yenye gramu 50, ambayo kwa bei yake ni vigumu kuipatia mshindani.

Wengi huamini nyekundu ni ya kimya. Haina mlio wake, kweli, lakini kelele kubwa ya kibodi hutoka pale kofia inapogonga chini. Ukimya wa kweli uko kwenye swichi zilizotengenezwa kimya, zenye vipande vya mpira ndani ya mhimili. Hupoteza ukali kidogo wa mguso, na ofisi ya watu wengi itakushukuru.

Usichukue rangi kama sheria. Siku hizi kampuni huzipa swichi zao rangi za peremende na majina ya matunda, kwa hiyo soma aina yake na uzito wake, achana na rangi.

Utaona pia swichi za mwanga, ambazo mhimili hukata mwale badala ya kugusanisha chuma, na za sumaku, ambazo hupima kina cha kidole na kukuruhusu uchague herufi itoke wapi. Hizi za sumaku zilipata umaarufu kwa wachezaji kupitia kampuni ya Wooting ya Uholanzi, na sasa kuna za bei ya chini. Kwa mchezo wa kufyatuliana risasi zina faida halisi. Kwa kuandika, hapana. Na swichi zake haziingiliani na zile za kawaida, kwa hiyo yote niliyosema juu ya uhuru wa kubadilisha yanafutika.

Kofia, stabilaiza na mwili

Kofia za plastiki aina ya ABS hung'aa kwa mafuta ya vidole baada ya muda. Za PBT hubaki na ukavu wake muda mrefu zaidi. PBT ni bora, ila usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake kwa kuwa kofia ndizo rahisi kuliko vyote kubadilisha. Muhimu zaidi ni herufi zilivyowekwa: zilizochapwa juu hufutika, zilizoundwa kwa plastiki mbili za rangi tofauti hazifutiki kamwe.

Stabilaiza ni vile vyuma vyenye vishikio vinavyobeba vitufe virefu: nafasi, Enter, Shift, Backspace. Ndipo kibodi za bei nafuu hujifichua. Gonga kitufe cha nafasi katikati, kisha ncha ya kushoto, kisha ya kulia. Kikitoa mlio wa bati linalotikisika, chuma kinacheza ndani ya plastiki. Tone la grisi ya umeme kwenye ncha za waya hutuliza sehemu kubwa ya kelele hiyo, na ni kazi ambayo hata mgeni anaiweza.

Mwili wa alumini hutauhitaji. Plastiki nene yenye sponji ndani inatosha, na mara nyingi sauti yake ni nzuri kuliko chuma kitupu kinacholia kama debe. Kumbuka tu kibodi hizi ni ndefu kwenda juu kuliko za kompyuta mpakato. Kifundo cha mkono kikianza kuuma, kunja miguu ya nyuma kwanza kabla ya kununua kiegemeo.

Majina manne ubavu kwa ubavu

| | Ukubwa | Uunganisho | Swichi kuchomoka |
|---|---|---|---|
| Redragon K552 | TKL | waya | hutegemea toleo |
| Keychron C3 Pro | TKL | waya USB-C | hutegemea toleo |
| Royal Kludge RK84 | 75% | waya, Bluetooth, 2.4 GHz | ndiyo |
| Aula F75 | 75% | waya, Bluetooth, 2.4 GHz | ndiyo |

K552 ni mkongwe wa bei ya chini: nzito, ngumu, yenye sauti kali, na kwa kawaida swichi zake ni za familia ya Outemu. Ni ya mtu anayetaka kitu kisichovunjika na basi. C3 Pro ina jambo ambalo ni nadra kwa bei yake: inatumia QMK na VIA, programu huria ambazo mabadiliko yake huhifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe. Ukihamisha Caps Lock iwe Ctrl, inabaki Ctrl kwenye kompyuta yoyote utakayoichomeka, iwe Windows, Mac au Linux. Tafuta toleo lake la kuchomoa swichi. Yapo yote mawili na maboksi yanafanana.

RK84 na F75 ni kwa anayehitaji bila waya. F75 ina kirungu cha sauti, betri kubwa ya 4000 mAh, na sauti tulivu ya kushangaza kwa plastiki. RK84 ina faida ya kupatikana kwa rangi na matoleo mengi. Zote mbili programu zake ni za Windows, kwa hiyo mwenye Mac au Linux ajue mapema kwamba mipangilio ya ndani itabidi aifanye kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa mwandishi anayekaa mahali pamoja, ningechukua C3 Pro ya kuchomoa, swichi nyekundu au kahawia, bila kusitasita. Kwa anayehamahama, F75. Kibodi iliyotumika nayo isidharauliwe: swichi huishi miaka mingi, na TKL ya zamani yenye swichi za Cherry inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei ileile. Ila hakikisha umebonyeza kila kitufe kabla ya kutoa pesa.

Ikishafika

Fungua ukurasa wowote wa kupimia kibodi, bonyeza vitufe vyote kimoja kimoja, kisha fungua sehemu ya kuandikia na ugonge kila herufi mara kadhaa polepole. Unatafuta herufi inayotoka mara mbili kwa mbonyezo mmoja. Kasoro hii ya kuchatachata hutokana na vibati vya ndani visivyogusana vizuri. Kwenye bodi ya kuchomoa, hamisha swichi hiyo kwenye tundu la jirani: kasoro ikihama nayo, swichi ndiyo mbovu, na maboksi mengi huja na chache za akiba. Ikibaki palepale, tatizo ni la soketi au bodi, na hiyo irudishwe ingali na risiti, kabla hujaanza kuizoea na kuivumilia.